Kutoka Usaidizi wa Wadi hadi Uuguzi: Binti Achague Chuo Gani?



Kila asubuhi, saa moja inapopita, wanawake wa zamu ya usiku hutoka katika hospitali za mtaa wa Parklands, Nairobi, na kushika njia ya kurudi makwao. Wako watokao Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan iliyoko Third Parklands Avenue, wako watokao M.P. Shah katika Shivachi Road, na wako watokao Hospitali ya Avenue katika First Parklands. Baadhi yao wamevaa buibui juu ya sare ya kazi. Ukiwatazama kwa mbali hutambui nani ni muuguzi na nani ni msaidizi wa wauguzi. Wote wamekesha, na macho ya wote yamekuwa mekundu. Lakini mmoja ana leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya na mwingine hana, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mshahara wa kila mmoja, kauli yake mbele ya mgonjwa, na umbali ambao kazi yake inaweza kumfikisha.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wasio na leseni kwa miaka minne. Nilitoka Mombasa baada ya kumaliza kidato cha nne, nikakaa kwa mama mdogo Pangani, nikasoma kozi ya miezi michache ya usaidizi wa wagonjwa, kisha nikaajiriwa. Leo ni muuguzi aliyesajiliwa, alhamdulillahi. Mabinti wa Pwani wanaofanya kazi niliyoifanya huniuliza swali moja wakati wote: "Dada, niende chuo gani?" Makala haya ni jibu langu kwao, na zaidi ni jibu kwa wazazi wao, kwa sababu nimejifunza kwamba binti peke yake hawezi kulijibu swali hilo.

Kazi yenye heshima na mpaka wake

Tusianze kwa kuidharau kazi ya msaidizi. Yeye ndiye amwoshaye mgonjwa, amlishaye, abadilishaye shuka, na amgeuzaye kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulala. Yeye ndiye amsukumaye kwa kiti cha magurudumu kwenda kupigwa picha ya eksirei, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kwamba pumzi za mzee wa kitanda cha tano si zile za jana.

Kazi hii ina asili tukufu katika historia yetu. Wanazuoni wa sira wamemtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema lake la kuwauguza majeruhi katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Sa'd bin Mu'adh (R.A.) alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, aliuguzwa katika hema hilo. Naye Bibi Rubayyi' binti Mu'awwidh (R.A.) amesimulia jinsi wanawake walivyotoka pamoja na Mtume (S.A.W.) wakiwanywesha maji wapiganaji na kuwahudumia waliojeruhiwa. Basi mzazi asiyependa binti yake ashike kazi ya hospitali kwa kudhani kwamba ni jambo geni katika dini, na aisome sira upya.

Hata hivyo kazi ya msaidizi ina mpaka, na mpaka huo umewekwa na sheria. Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257 ya Sheria za Kenya, haimruhusu mtu asiyesajiliwa kufanya kazi ya muuguzi. Msaidizi hatoi dawa, hadungi sindano, na hafungui mshipa wa kuwekea maji. Katika hospitali kubwa mpaka huu hulindwa. Katika zahanati ndogo za mitaani, ambako muuguzi ni mmoja na siku nyingine hayupo, mara nyingi mpaka huu husahauliwa.

Kabla ya kufika Parklands nilifanya kazi katika zahanati ya namna hiyo. Asubuhi moja muuguzi hakuja. Mwenye zahanati akanipa bomba la sindano lililokwisha jazwa na kuniambia nimdunge mtoto wa miaka miwili aliyekuwa na homa. Nilikuwa nimewaona wauguzi wakifanya mara nyingi, nami nikamdunga. Mama yake akaniuliza kwa adabu, "Nasi, hii dawa ya nini?" Nikamjibu, "Ya homa, mama." Sikujua jina la dawa, wala kipimo chake, wala kama yule mtoto aliwahi kudhurika na dawa ya aina ile. Mtoto alipona, kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu yule mama aliniita nasi nami nikaitikia. Ndipo nilipoazimia kusoma. Dada msomaji, ukiombwa kufanya jambo kama lile, kataa. Mwajiri anaweza kukufukuza, lakini siku mtoto atakapodhurika hatasimama nawe mahakamani, wala hatakubebea dhima yako mbele ya Mola wako.

Mlango ulio karibu

Anayefanya kazi Parklands huona chuo cha uuguzi kila siku. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianzisha mafunzo yake ya uuguzi Afrika Mashariki mwaka 2001, katika Kenya, Tanzania na Uganda, na hapa Nairobi wanafunzi wake wanaonekana katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1958. Niliwaona wakiwa na vitabu vyao wakati wa chai, wanawake wa umri wa mama yangu, wakisoma na huku wanafanya kazi. Nikajiambia: kama hawa wanaweza, nami naweza.

Nilipouliza nikaelewa kwamba nililinganisha vitu viwili tofauti. Mafunzo yale yaliyoanza mwaka 2001 yaliwekwa kwa ajili ya wauguzi waliokwisha sajiliwa: mwenye cheti apande hadi stashahada, na mwenye stashahada apande hadi shahada. Ndiyo maana waliweza kusoma bila ya kuacha kazi, kwani kazi yenyewe ilikuwa uuguzi, na leseni walikuwa nayo tayari. Ni mpango wa namna hiyohiyo uliofuata mwaka 2005, wakati shirika la AMREF, likishirikiana na Baraza la Wauguzi, lilipoanza kuwafundisha wauguzi wenye cheti kwa njia ya kompyuta, popote walipo nchini, ili wapate stashahada. Maelfu ya wauguzi wa Kenya walikusudiwa kunufaika. Lakini msaidizi wa wadi hakuwa mmoja wao, kwa kuwa katika ngazi ya Baraza yeye bado hajaikanyaga daraja ya kwanza.

Hapa ndipo mabinti wengi wanapopotea. Huona tangazo la masomo ya uuguzi ya siku mbili kwa juma, wakadhani limeandikwa kwa ajili yao. Basi swali la kuanzia katika ofisi ya chuo chochote ni hili: "Masomo haya ni ya anayeanza uuguzi, au ni ya aliyesajiliwa tayari?" Chuo kimoja kinaweza kuwa na masomo ya aina zote mbili, na masharti yake hubadilika mwaka hadi mwaka. Uliza kuhusu masomo yenyewe, usiridhike na jina la chuo.

Cheti cha usaidizi pia kieleweke. Kozi ile ya miezi mitatu au sita uliyosoma imekupa kazi, na imekufunza mengi, lakini si sehemu ya masomo ya uuguzi. Hakuna mwaka utakaopunguziwa kwa sababu yake. Utaanza darasa la kwanza pamoja na watoto waliotoka shule mwaka jana. Faida yako ni kwamba wewe hutashtuka siku ya kwanza utakapoiona damu.

Je, Baraza linakitambua?

Nchini Kenya chuo hakimfanyi mtu kuwa muuguzi. Chuo humfundisha, kisha Baraza la Wauguzi humtahini na kumsajili. Kwa hiyo chuo ambacho Baraza halikitambui hakiwezi kumfikisha mwanafunzi popote, hata kiwe na jengo zuri na walimu wapole.

Nasema hivi kwa uchungu wa mtu aliyelipa. Chuo changu cha kwanza kilikuwa ghorofani katikati ya mji. Kilikuwa na mabango ya wasichana waliovaa sare nyeupe, na mwenye ofisi alinihakikishia kwamba ningesoma jioni na mwisho wa juma, na baada ya miaka miwili ningekuwa muuguzi kamili. Mama alicheza mchezo na wenzake wa Majengo, ikafika zamu yake, akanitumia fungu lote. Nililipa ada ya muhula wa kwanza. Kila nilipouliza lini Baraza litatuandikisha niliambiwa ni mwezi ujao. Muuguzi mmoja wa wadi yetu, Mkristo kutoka Machakos, ndiye aliyenishika mkono akaniambia, "Enda Kabarnet Lane ukaulize mwenyewe." Nikaenda katika ofisi za Baraza, karibu na Barabara ya Ngong. Chuo changu hakikuwa katika orodha. Fedha za mama hazikurudi.

Kumbe orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa Baraza huitangaza katika tovuti yake, na yeyote aweza kuisoma kwa simu. Ningetumia dakika kumi kabla ya kulipa, mama asingepoteza akiba ya mwaka mzima. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, thibitisha mambo haya manne.

Kwanza, jina la chuo limo katika orodha ya Baraza, na ni kwa kiwango kile unachotaka kusoma. Chuo kinaweza kuidhinishwa kwa masomo fulani na kisiidhinishwe kwa mengine.

Pili, wanafunzi wa mwaka wa kwanza huandikishwa na Baraza mapema baada ya kuanza masomo na kupewa nambari zao. Mwanafunzi asiye na nambari hatakubaliwa kufanya mtihani wa leseni. Zungumza na wanafunzi wenyewe, mbali na ofisi ya mkuu, na uwaulize kama wanazo.

Tatu, chuo kina hospitali ambako wanafunzi hufanyia mazoezi. Uuguzi haufundishwi kwa ubao peke yake. Uliza ni hospitali gani, na ni kwa majuma mangapi.

Nne, uliza darasa lililotangulia lilipata matokeo gani katika mtihani wa Baraza. Chuo chenye matokeo mema hukujibu kwa furaha. Kile kinachobadilisha mazungumzo kimekwisha kukujibu.

Alama za kidato cha nne

Wazazi wengi hukimbilia kutafuta ada kabla ya kuitazama karatasi ya matokeo. Na tuitazame kwanza. Kwa stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii, ambayo ndiyo njia ya wengi, mwombaji hutakiwa awe na wastani wa C katika mtihani wa KCSE. Awe na C katika Kiingereza au Kiswahili, na C katika baiolojia, na asipungue C- katika somo moja kati ya kemia, fizikia na hisabati. Anayetaka kuanza moja kwa moja na shahada hutakiwa wastani wa C+, pamoja na alama nzuri zaidi katika sayansi. Mwenye wastani wa C- hana haja ya kukata tamaa, kwani upo uuguzi wa ngazi ya cheti. Akishasajiliwa kwa cheti hicho, yeye ndiye ambaye milango ile ya kusoma na kufanya kazi pamoja huja kumfungukia baadaye.

Aliyepungukiwa kwa somo moja tu, kwa mfano baiolojia, anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa binafsi. Huo ni mwaka mmoja wa subira. Chuo kinachomwambia kwamba alama si kitu kitamla miaka miwili na fedha zake, na mwishowe Baraza litaitazama karatasi ileile ambayo chuo kiliifumbia macho.

Ahadi ya kusoma bila kuacha kazi

Hili ndilo jambo gumu kuliko yote, na silisemi ili kumvunja moyo mtu. Masomo ya kuanza uuguzi hayachanganyiki na ajira ya kutwa. Stashahada ni miaka mitatu, na katika miaka hiyo mwanafunzi huhama kutoka wadi moja hadi nyingine na kutoka hospitali moja hadi nyingine. Atakaa wodi za watoto, chumba cha upasuaji, zahanati za vijijini. Mwanafunzi wa Nairobi anaweza kupelekwa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, kisha akapelekwa Mathari kujifunza kuwauguza wenye maradhi ya akili. Huko pia hufanya zamu za usiku. Hakuna mwajiri atakayeweza kumpangia kazi mtu ambaye hajui juma lijalo atakuwa wapi. Kwa hiyo anayeahidi kukufanya muuguzi kwa masomo ya jioni na Jumapili, ilhali hujasajiliwa, muogope.

Kinachowezekana ni kufanya kazi kwanza kwa muda uliowekwa na kuweka akiba, au kufanya zamu chache wakati wa likizo za chuo pale mwajiri anaporidhia. Zaidi ya hapo, kuamua kusoma ni kuamua kuacha mshahara kwa miaka mitatu.

Na mshahara wa msaidizi, ingawa ni mdogo, mara nyingi una wenyewe. Wangu ulikuwa ukilipa karo ya ndugu yangu mdogo, aliyekuwa kidato cha pili, na umeme wa nyumba ya mama. Nilipomweleza mama kwamba nataka kuacha kazi nisome, alinyamaza muda mrefu katika simu. Nilijua hafikirii mimi peke yangu. Alikuwa akiwapima wanawe wawili. Tukakubaliana ningoje mwaka mmoja na nusu, mpaka ndugu yangu afike kidato cha nne, na katika muda huo nisitume kila kitu, bali niweke theluthi ya mshahara. Mama mdogo wa Pangani alikataa kuchukua fedha ya chakula kwangu muda huo wote. Mjomba wa Likoni akachukua umeme. Walibeba hivyo, kila mmoja kidogo, na hakuna aliyenitangazia.

Ndipo nikachagua chuo, na sikuchagua cha Nairobi. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, ambacho wengi wetu tunakijua kwa herufi zake za KMTC, kilianzishwa mwaka 1927, na kampasi yake ya Nairobi imepakana na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Lakini kina kampasi nyingi nchini, zikiwemo za Mombasa, Kilifi, Msambweni na Lamu. Nilihesabu kodi ya chumba, nauli na chakula cha Nairobi kwa miaka mitatu, nikaona kwamba gharama hiyo inaizidi ada yenyewe. Nyumbani kwa mama kulikuwa na kitanda. Basi nikarudi Pwani kusoma, na nilipopata leseni nikarejea Parklands. Si kila kampasi hufundisha kila somo, kwa hiyo ulizia mapema kama uuguzi umo. Na ujue kwamba katika miaka ya karibuni maombi ya KMTC hupitia taasisi ya serikali ya KUCCPS, kwa tarehe maalumu. Anayejidai kukuuzia nafasi pembeni ni tapeli.

Ada, mikopo na riba

Ukiuliza ada, usiulize ya muhula wa kwanza pekee. Omba karatasi yenye gharama za miaka yote: ada, sare, viatu, vitabu, malipo ya kuandikishwa na Baraza, malipo ya mtihani wa leseni, nauli za kwenda hospitali za mazoezi na malazi yake. Familia nyingi hujiandaa kwa mwaka mmoja, binti akaachia njiani mwaka wa pili.

Serikali hukopesha wanafunzi kupitia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, na wanafunzi wa KMTC wamekuwa miongoni mwa wanufaika. Kwa familia za Kiislamu hapa pana jambo la kutafakari, kwa sababu mikopo hiyo imekuwa na riba. Kwa wanafunzi wa shahada imekuwa asilimia 4 kwa mwaka. Mimi si mwanachuoni, na sitatoa fatwa katika ukurasa huu. Lakini nawaomba wazazi wamwendee sheikh wanayemwamini kabla ya kutia saini, wasije wakamwuliza baada ya kusoma kuisha na deni kukua.

Zipo njia nyingine za kujaribiwa kwanza. Kuna misaada ya masomo ya hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, na ile ya kaunti, ambayo hailipwi tena. Fomu zake huchukuliwa na wachache kwa sababu wengi hawajui tarehe. Kuna kamati za misikiti na mifuko ya zaka, ambako mwanafunzi mhitaji anaweza kupeleka barua yake ya chuo na matokeo yake. Kuna mchezo wa akina mama, ambao umesomesha watoto wengi wa Pwani. Na kuna hospitali ambazo hulipia masomo ya wafanyakazi wao kwa mkataba wa kuwatumikia miaka kadhaa baadaye. Mkataba wa namna hiyo si mbaya, lakini usomwe mstari kwa mstari na mtu mzima mwingine wa nyumbani akiwepo, hasa kifungu kinachosema utadaiwa nini ukiondoka mapema.

Kwa matajiri wetu nina neno moja. Tunapenda kujenga visima na misikiti, na Mwenyezi Mungu awalipe wanaojenga. Lakini mara ngapi tumelalamika kwamba binti zetu wakijifungua hawampati mwanamke wa Kiislamu wa kuwazalisha? Mkunga huyo hatashuka kutoka mbinguni. Ni lazima mtu amlipie ada.

Stara na swala

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini na ibada. Hata hivyo ni vyema kuyajua masharti ya chuo kabla ya kuingia kuliko kugombana ukiwa ndani. Uliza waziwazi: Je, hijabu inaruhusiwa pamoja na sare? Ni ya rangi gani na ya urefu gani? Katika chumba cha upasuaji, je, kofia inayofunika kichwa na shingo inapatikana? Suruali na kanzu ndefu zinakubaliwa badala ya gauni? Kuna mahali pa kuswali, hata kama ni pembe ya chumba cha kubadilishia nguo?

Jambo moja lielezwe kwa haki. Hospitali hutaka mikono iwe wazi hadi kwenye viwiko wakati wa kumgusa mgonjwa, kwa sababu mkono wa nguo hubeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda. Kanuni hiyo haikuwekwa dhidi ya Uislamu. Wako wauguzi wa Kiislamu wanaovaa mikono mirefu wakiwa nje ya wadi na kuikunja wanapohudumia, na wako wanaotumia mikono ya kuvaa mara moja na kutupa. Ni suala la kuwauliza wanazuoni na viongozi wa wadi kwa pamoja. Vivyo hivyo kuhusu kumhudumia mgonjwa wa kiume: mwanafunzi atafundishwa kuwauguza wote, na mtihani utamuuliza yote. Mzazi alijue hilo kabla, asije akamtoa binti yake mwaka wa pili.

Kuhusu swala, nimeona kwamba wenzetu wasio Waislamu husaidia wanapoelezwa mapema. Katika Ramadhani mwenzangu mmoja hunishikia wadi dakika kumi nifuturu, nami humshikia yeye siku ya Krismasi. Tatizo huja kwa anayepotea bila ya kuaga akaacha wagonjwa peke yao. Amana ya mgonjwa nayo ni sehemu ya ibada yetu.

Leseni hufungua nini?

Mwaka 2021, mwezi wa Julai, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Hospitali za Ghuba nazo huajiri wauguzi kutoka nchi nyingi. Wote hao huanza kwa kuuliza: umesajiliwa na Baraza la nchi yako? Wakala anayemwahidi msaidizi kazi ya uuguzi ng'ambo bila ya leseni, kuna hatari kwamba anampeleka kwenye kazi nyingine asiyoijua.

Si lazima kwenda mbali hivyo. Mwezi Mei 2022, huko Dubai, tuzo ya kimataifa ya uuguzi ya Aster, yenye thamani ya dola 250,000, ilikwenda kwa Anna Qabale Duba, muuguzi wa hospitali ya rufaa ya kaunti ya Marsabit. Alitambuliwa kwa kazi aliyoifanya kwao: kujenga shule katika kijiji chake cha Torbi na kuwatetea wasichana dhidi ya ukeketaji na ndoa za utotoni. Leseni yake ya uuguzi ilimrudisha kijijini akiwa na sauti inayosikilizwa.

Kwa hiyo, dada yangu uliyetoka zamu leo asubuhi, usilichague chuo kwa sababu kiko karibu na kituo chako cha matatu, wala kwa sababu rafiki yako yuko huko, wala kwa sababu kimekuahidi kwamba hutaacha chochote. Chagua kile ambacho Baraza linakitambua, ambacho nyumba yenu inaweza kukibeba mpaka mwisho, na ambacho hakikutaki uiache swala. Swali istikhara, uliza wenye kujua, kisha kaa na wazazi wako mhesabu kwa kalamu na karatasi.

Nanyi wazazi, binti akija na karatasi hiyo, msimuulize tu, "Nani atalipa?" Muulizeni pia, "Sisi tubebe lipi?" Mama yangu hakuwa na fedha za kutosha. Lakini aliniuliza hivyo, na leo ninapomdunga mtoto sindano, mama yake akaniuliza dawa ni ya nini, ninamjibu.

Mwenyezi Mungu awafungulie binti zetu milango ya elimu yenye manufaa, awape wagonjwa wetu shifaa, na awalipe kheri wanaowahudumia usiku na mchana. Amin.

Wabillahi tawfiq.